Mpya ya Bei ya Chini au ya Zamani Iliyo Bora? Ulinganisho Kabla Hujatoa Pesa

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga hawakuwahi kushika laptopu, lakini walimjua mnunuzi. Mbele yake kuna mashine mbili za bei moja. Ya kwanza ni mpya, nailoni bado iko juu ya kioo, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Ya pili ina miaka kadhaa, ilitoka kwenye ofisi fulani, kifuniko kina mikwaruzo, ila ndani kuna RAM ya GB 16, SSD (hifadhi ya haraka) ya kutosha, na prosesa ambayo ile mpya haifui dafu mbele yake. Wengi huchukua ya nailoni.

Mimi ningechukua ya mikwaruzo. Si kwa kila kifaa, hata hivyo, na kinachoamua si umri wala sura. Ninachouliza ni hiki: katika kifaa hiki, kitakachokufa kwanza ni nini, na kikifa kinabadilishika? Betri, feni, bawaba na vitufe huchakaa kwa kutumika, na fundi anaviweza. Programu hazichakai, hufikia tarehe: siku mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho ya usalama. Hapo fundi hana la kufanya. Kwa hiyo kifaa cha zamani chenye thamani ni kile ambacho sehemu zake zinazochakaa zinabadilishika na tarehe yake bado iko mbali. Kingine chochote ni bei ndogo tu.

Laptopu: ya ofisini iliyotumika, au mpya ya bei ya chini

Hapa ndipo mtumba unaposhinda kwa mbali. Makampuni hununua au kukodi laptopu kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziachia zote kwa mpigo, ziwe zimechoka au hazijachoka. Ndiyo maana Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook hazikosekani sokoni. Ni mashine zilizoundwa kwa kutarajia kwamba siku moja zitafunguliwa: skrubu za kawaida, miongozo ya ukarabati ambayo watengenezaji wenyewe wameiweka mtandaoni bure, na vipuri vinavyopatikana miaka mingi baadaye. Laptopu mpya ya bei ya chini mara nyingi ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD na nayo imechomelewa papo hapo. Ukiona GB 64 hazitoshi, huna pa kuongeza.

Ila usinunue jina. Soma namba ya prosesa. Katika i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Katika i7-4600U, kizazi ni cha 4. Muuzaji atakuambia "hii ni i7" kwa sauti ya mtu aliyemaliza mjadala. Lakini i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), wakati i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne. Hata i5-7200U, ya kizazi cha 7, bado ina viwili. Kati ya kizazi cha 7 na cha 8 pana mpaka ambao bei ya kifuniko kinachong'aa haikuonyeshi.

Mpaka huohuo umewekewa ukuta na Microsoft. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, ukiacha prosesa chache za pekee, inaanzia kizazi cha 8 cha Intel au Ryzen 2000 za AMD. Masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Basi ukiona laptopu nzuri ya kizazi cha 6 au cha 7 inauzwa kwa bei ya kushangaza, usishangae. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, na wauzaji wengi huzitumia, lakini Microsoft haijaahidi kwamba mashine za namna hiyo zitaendelea kupata masasisho. Kwa mtu wa kawaida, ningemwambia aipite. Kwa mtu anayeridhika na Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows, mashine hizohizo ndizo ofa bora kuliko zote katika makala hii. Mtu huyo hahitaji ushauri wangu, keshanunua mbili.

Ukishavuka mpaka huo, usidhani kila mwaka unaosogea mbele ni nafuu. Chukua ThinkPad T480 ya mwaka 2018 na T490 iliyoifuata mwaka 2019. T480 ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili, moja ndani na nyingine inayochomolewa kwa mkono bila bisibisi. T490 ni nyembamba zaidi, lakini sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi, nafasi iliyobaki ni moja, na betri ni ya ndani tu. Mwenye kubeba mkobani kila siku ataipenda T490. Anayetaka mashine ya kukaa nayo achukue T480, hata kama muuzaji anaiita ya kizamani.

Upande wa Apple, mstari wa kugawanya ni Novemba 2020, ilipotoka MacBook Air ya chipu ya M1. Haina feni, haipati joto la kusumbua, na chaji yake inamaliza siku ya kazi. Kasoro yake ni kwamba RAM haiongezeki, hivyo ya GB 16 ikipatikana, ilipie. Za Intel zilizotangulia zinaonekana rahisi, lakini Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS 26 ndilo toleo la mwisho litakalokubali Mac za Intel, tena baadhi tu. Baya zaidi ni zile zenye kibodi ya kipepeo, zilizotengenezwa kati ya 2015 na 2019: vumbi kidogo likiingia, kitufe kinakwama au kinaandika herufi mara mbili. Apple iliweka mpango wa kuzitengeneza bure, lakini mpango ulihesabu miaka minne tangu kompyuta iliponunuliwa mpya mara ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe.

Kabla ya kulipa, fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itakuandikia ripoti yenye uwezo wa betri ulivyokuwa kiwandani na ulivyo sasa. Betri iliyoshuka chini ya asilimia 70 si sababu ya kuondoka, ni sababu ya kupunguziwa bei, kwa kuwa betri ya laptopu ya ofisini hubadilishwa bila shida. Kwenye Mac tazama idadi ya mizunguko ya chaji, yaani mara ngapi betri nzima imetumika na kuchajiwa. MacBook za miaka ya karibuni zimekadiriwa mizunguko 1,000. Bonyeza kila kitufe. Chomeka kitu kwenye kila tundu, hasa la USB-C, kwa sababu likiwa linacheza ujue kuna bodi ya kufumuliwa.

Kisha kuna kasoro moja ambayo haina punguzo linaloifaa. Ukiwasha laptopu iliyofutwa, nayo ikatokeza jina la kampuni na kudai uingie kwa akaunti ya kazini, mashine hiyo bado iko kwenye daftari la mwenyewe wa zamani. Vilevile ikiwa BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, ina nenosiri ambalo muuzaji halijui. Rudisha mezani.

Simu: mambo hubadilika

Kwenye laptopu, hali ya kifaa ina uzito mkubwa. Kwenye simu, tarehe ndiyo yenye uzito, na tarehe haionekani kwa macho.

Linganisha Samsung Galaxy S21 na Galaxy S24. Zikiwekwa kando kando zikiwa na kava, wengi hawatazitofautisha. Lakini S21 ya mwaka 2021 iliahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka mitano, na miaka hiyo inaishia 2026. S24 ya mwaka 2024 iliahidiwa saba. Google nayo iliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 iliyotoka Oktoba 2023, hivyo inafika 2030. Pixel 7, kaka yake wa mwaka mmoja tu, inaishia 2027. Tofauti ya mwaka mmoja dukani, miaka mitatu mfukoni.

Apple kwa desturi huzishughulikia simu zake kwa muda mrefu: iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipata iOS 15 mwaka 2021. Ila nako kuna mpaka. iPhone XR na XS za mwaka 2018 ziliishia iOS 18, na iOS 26 ya mwaka 2025 inaanzia iPhone 11. Kwa hiyo XR haina tena bei nzuri ya kununulia, hata ikiwa safi kama imetoka kwenye boksi jana. Viraka vya usalama huendelea kutolewa kwa muda kwa matoleo ya nyuma, lakini unanunua kitu kilichoanza kuaga. Hata iPhone 11 iliyo mlangoni ningeiruka. 12 au 13 inakupa 5G na miaka zaidi.

Hesabu ninayoipendekeza ni nyepesi. Chukua bei ya simu, ongeza gharama ya betri mpya ikihitajika, kisha gawanya kwa miaka ya masasisho iliyobaki. Fanya hivyo kwa simu mbili zinazokuvutia. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali inageuka kuwa ya bei ndogo kwa mwaka.

Na hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiibeze simu mpya ya bei ya chini. Zamani ilikuwa rahisi kuikataa: kamera dhaifu, prosesa ya kukwama, masasisho ya miaka miwili na kwaheri. Lakini Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, imeahidiwa masasisho ya miaka sita. Ina betri ya mAh 5,000, na inakuja na waranti. Kwa mtu anayepiga simu, anayetuma ujumbe na kutazama video fupi, na hataki kumjua fundi, simu mpya ya namna hiyo inaishinda simu ya daraja la juu ya miaka minne iliyopita. Anayepiga picha kwa bidii, anayecheza gemu, au anayeona kero kusubiri programu ifunguke, huyo aende kwenye simu ya daraja la juu ya miaka miwili au mitatu nyuma. RAM ndogo inaanza kuudhi mapema, na hakuna sasisho linaloiongeza.

Betri ya simu nayo ina hesabu zake. Apple inasema iPhone 14 na za nyuma yake ziliundwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 500, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja kwa siku unamaliza 500 kabla ya miaka miwili. Sasa mtu anakuonyesha simu ya miaka mitatu yenye afya ya betri ya asilimia 100. Ama betri imebadilishwa, ama namba imechezewa. Kubadilishwa si dhambi, ila uliza ni betri ipi. Tangu iOS 15.2, mipangilio ya iPhone nyingi inaonyesha historia ya sehemu zilizobadilishwa, na ile isiyotambuliwa na Apple huandikwa hivyo waziwazi. Simu ikishafunguliwa, usiitegemee tena kuzuia maji, liandikwe lolote kwenye boksi. Na kioo kikiwa kimeinuka pembeni, betri imevimba. Hiyo usiijadili bei, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka.

Ukitaka kujua kama iPhone "mpya" kweli ni mpya, tazama herufi ya kwanza ya namba ya modeli kwenye mipangilio. M ni iliyouzwa mpya, F ni iliyokarabatiwa, N ni iliyotolewa na Apple kama mbadala wa iliyoharibika, na P ni iliyochorwa maandishi kwa mteja. Kwa simu yoyote, bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, uilinganishe na boksi na mipangilio. Halafu mwambie muuzaji atoe akaunti yake na kuifuta simu mbele yako. iPhone zimekuwa na kufuli la akaunti tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na Android imekuwa na lake tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015. Muuzaji anayesema "utatoa mwenyewe nyumbani" anakuuzia tofali.

Visivyohitaji maneno mengi

Monita iliyotumika, nunua. Haina programu ya kupitwa na wakati, na monita ya kazi ya Dell UltraSharp ya miaka sita inaweza kuwa na rangi nzuri kuliko mpya ya bei yake. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Doa lililokufa na mwanga usio sawa vitajitokeza.

Televisheni ni kinyume. Ile mahiri ya zamani inazeeka upande wa programu kabla ya kioo: Desemba 2019, kwa mfano, Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za zamani za Samsung. Dawa ni kuchomeka kifaa kidogo cha kutiririsha kwenye tundu la HDMI, hivyo kadiria bei yake humo. Ya OLED iliyokuwa ikionyesha chaneli moja ya habari mchana kutwa inaweza kubaki na kivuli cha nembo, na kivuli hicho hakifutiki.

Hedifoni za waya zilizo bora, kama Sennheiser HD 600 iliyoanza kuuzwa mwaka 1997, zina sponji, kebo na hata spika zinazobadilishika. Vidude visivyo na waya vya kutia masikioni, usivinunue vilivyotumika hata kwa nusu bei. Betri zake ni ndogo, zimegundishwa ndani, na zikichoka kifaa kizima ni takataka. Sijagusia nta ya masikio ya mtu.

Kamera zenye kioo cha ndani (DSLR) zimeshuka bei kwa sababu Canon na Nikon zimehamia mifumo isiyo na kioo, si kwa sababu picha zake zimeharibika. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ina megapikseli 21, na shata yake, pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, ilijaribiwa kwa mibofyo 150,000. Uliza imefikia ngapi. Lakini pesa ikiwa haitoshi vyote, itangulize kwenye lenzi. Lenzi za Canon za EF, mfumo ulioanza mwaka 1987, zinafanya kazi kwenye kamera mpya za RF kwa kuunganishwa na adapta. Mulika tochi kupitia lenzi: nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula kioo.

Diski ya zamani ya kuhifadhia picha pekee ulizo nazo, acha. Hiyo nunua mpya.

Ununue kwa nani

Kilichokarabatiwa na mtengenezaji ndicho cha amani zaidi. iPhone zilizokarabatiwa na Apple yenyewe, kwa mfano, huwekewa betri mpya na ganda jipya la nje, na waranti ni ya mwaka mmoja kama ya simu mpya. Punguzo si kubwa, na si kila mahali huduma hiyo ipo.

Duka linalokarabati lenyewe lina bei nzuri zaidi, na hapo utakutana na madaraja: A, B, C. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga wauzaji wote. A ya huyu ni B ya yule, na mara nyingi daraja linazungumzia mikwaruzo, halisemi neno juu ya betri. Mimi huichagua B kwa makusudi nikijua ya ndani ni mazima, maana sura ndiyo sehemu ya bei nisiyoihitaji. Uliza mambo mawili yaandikwe kwenye risiti: siku za kurudisha, na kama waranti inahusisha betri.

Mtu binafsi ana bei ndogo kuliko wote na anajua historia ya kifaa chake. Kosa lake ni moja: ukishaondoka, umeondoka.

Hivyo mimi hugawa hivi. Monita, lenzi na hedifoni za waya, mtu binafsi anatosha, kwa kuwa kasoro zake zinaonekana ndani ya dakika chache. Laptopu, duka lenye siku za kurudisha. Simu, mtengenezaji au duka linaloandika betri kwenye waranti, na kwa mtu binafsi ikiwa tu namfahamu. Kuna pia njia ya nne inayosahaulika: kifaa kipya cha mwaka uliopita ambacho hakikuuzwa. Toleo jipya likitoka, hushuka bei kikiwa bado kwenye boksi. Angalia tu tarehe ya masasisho, ambayo huanza kuhesabiwa tangu kifaa kilipozinduliwa, si tangu ulipokifungua, na ukumbuke betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala.

Ukishanunua, siku za kurudisha zisiishe kifaa kikiwa kwenye kava jipya. Kichoshe. Laptopu itazame video kwa saa kadhaa bila chaja, uone betri inaporomoka ghafla kutoka asilimia 30 au inashuka kwa utaratibu. Simu piga nayo, rekodi video ndefu, iache ipate joto, jaribu kipaza sauti, kamera zote, alama ya kidole na laini ya pili kama ipo. Weka kopi ya mafaili yako kwingine wakati huo wote, na boksi usilitupe hadi siku ya mwisho ipite.